Soko la Nje Likifungwa, Hasara Humwangukia Nani?

Alfajiri kwenye mwalo wa sangara, Ziwa Victoria, neno la kwanza kuulizwa ni bei. Mitumbwi inapandishwa mchangani, samaki wanabebwa begani mikia ikiburuta, wanawekwa kwenye mizani, na wakala anaandika kilo kwenye daftari lililolowa pembeni. Nyuma yake kuna gari lenye sanduku la barafu, milango wazi. Bei anayoitaja wakala hakuipanga yeye. Ameambiwa na kiwanda, na kiwanda nacho kimeambiwa na mnunuzi wa minofu aliyeko Uholanzi, Hispania au Italia. Mvuvi wa Ukerewe ambaye hajawahi kufika hata Dar es Salaam anampelekea mtu wa Ulaya chakula chake cha jioni, na hawajuani.

Sasa ije barua moja kutoka Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, kurasa chache tu, iseme kwamba kuanzia tarehe fulani samaki wa ziwa hili hawaruhusiwi kuingia. Ziwa halijakauka, nyavu hazijachanika, sangara bado wapo kule chini. Lakini kesho yake gari la barafu haliji. Katika makala hii nataka kufuatilia kinachotokea kati ya barua ile na mwalo ule. Tumezoea kusikia kwamba "uchumi umeathirika", na maneno hayo hayamwambii mtu chochote. Uchumi wa nchi hauumii wote kwa mkupuo. Huumia kwa zamu, mahali fulani kabla ya pengine, na zamu hizo zina mpangilio wake.

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe mambo mawili ambayo kwenye mazungumzo ya mitaani huchanganywa. Kuna serikali kuzuia chakula chake kisitoke nje, kama Tanzania ilivyowahi kufanya na mahindi yake pale upungufu ulipohofiwa. Huo ni uamuzi wa mwenye mali, na akitaka anautengua. Kuna pia mnunuzi kufunga mlango wake na kusema chakula chenu sikitaki. Hapo mwenye mali hana kura. Anaweza kubembeleza, kulalamika au kujirekebisha, lakini ufunguo uko kwa mwingine. Hili la pili ndilo ninalolizungumzia.

Ziwa moja, barua tatu

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Tanzania inamiliki 51%, Uganda 43%, Kenya 6%. Sangara si mwenyeji humo. Alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, akaongezeka, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimesimama Kisumu, Mwanza, Musoma, Jinja na Entebbe, soko lao kubwa likiwa Ulaya.

Barua ya kwanza ilihusu salmonela. Hispania na Italia zilisema zimewakuta bakteria hao kwenye sangara, na kufikia 1997 shehena zikaanza kubanwa kwa vipimo. Ya pili ilikuja mwisho wa mwaka huohuo, wakati mvua za El Niño zilipoandamana na kipindupindu Afrika Mashariki. Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, na zuio likadumu mpaka katikati ya 1998. Ya tatu ilitoka Uganda. Mwanzoni mwa 1999 iligundulika kwamba kuna watu wanaovua kwa kumwaga dawa ya kuulia wadudu majini, samaki wanaelea, wanaokotwa. Machi mwaka huo Uganda yenyewe ikasimamisha mauzo yake, Umoja wa Ulaya nao ukazifungia nchi zote tatu za ziwa.

Barua hizi tatu hazilingani kwa haki. Zuio la kipindupindu, kwa maoni yangu, lilikuwa dhuluma. Minofu ya sangara hupikwa, na vijidudu vya kipindupindu havivumilii moto. Shirika la Afya Duniani lilisema wakati uleule kwamba halikuwa na kumbukumbu ya mlipuko mkubwa wa kipindupindu uliosababishwa na chakula kilichoingizwa kibiashara. Nchi nne zilifungiwa kwa hofu. Lakini barua ya tatu siwezi kuipinga kwa moyo safi. Sumu ile ilikuwa ya kweli, na wa kwanza kuila tungekuwa sisi wa kandokando ya ziwa, kabla ya Mzungu yeyote.

Bei ya mwaloni hushuka kwanza

Barua ikifika, wa kwanza kupata taarifa ni kiwanda. Kina minofu kwenye majokofu, kina kontena njiani, na kina mkopo benki. Kinachofanya siku hiyohiyo ni kuacha kununua. Hakijafilisika bado, kinajilinda tu. Wanaokata minofu wengi wao ni vibarua wa siku, kwa hiyo kuwaambia wasije kesho hakuhitaji barua wala kiinua mgongo. Wakala naye anarudi mjini na gari lake tupu.

Mvuvi anabaki na samaki, na samaki ana saa chache tu. Mwenye mahindi anaweza kufunga ghala akasubiri miezi. Mwenye ng'ombe anaweza kumrudisha malishoni. Mwenye sangara wa kilo 20 juani hana cha kusubiri, na kila mtu pale mwaloni anajua hana. Atamuuza kwa bei atakayopewa. Atakatwa vipande vya kukaanga, atabanikwa, au atapasuliwa, apakwe chumvi na kuanikwa mpaka awe kayabo. Kayabo lina soko lake la siku zote Kongo, na kwa miaka mingi limewaokoa wengi. Lakini soko hilo lilikuwa na wauzaji wake tayari. Ukiliongezea ghafla samaki wote ambao jana walikuwa wa Ulaya, bei yake nayo inashuka, na yule mama aliyekuwa akiuza kayabo miaka yote, asiyejua hata Brussels iko wapi, anaingia hasarani kwa barua isiyomtaja.

Halafu kuna deni, na hili wengi walio mbali na ziwa hawalijui. Wavuvi wengi hawamiliki nyavu na injini kwa fedha yao taslimu. Wamekopeshwa na wakala au na tajiri wa mitumbwi, kwa makubaliano kwamba samaki wote watauzwa kwake mpaka deni liishe. Chukua mfano wa hesabu tu. Mvuvi anadaiwa shilingi 600,000. Kilo ikiwa shilingi 1,000, deni lake ni kilo 600 za sangara. Kilo ikishuka hadi shilingi 400, deni lilelile limekuwa kilo 1,500. Hakukopa hata senti ya ziada, lakini sasa anatakiwa avue mara mbili na nusu. Wapo watakaoacha ziwa warudi kulima. Wapo watakaoshusha macho ya nyavu au kuingia kwenye makokoro, nyavu za kukokota, wabebe hata wachanga. Kwa hiyo zuio lililoandikwa kulinda afya ya mlaji linaweza kuacha ziwa likiwa na sangara wachache kuliko lilivyowakuta, na hasara hiyo haimo kwenye ripoti yoyote ya mauzo.

Nimsogelee mtu mmoja zaidi, mama wa mapanki. Kiwanda kikishatoa minofu, kinabaki kichwa na uti wa mgongo wenye nyama za kubanduabandua. Upande wa Tanzania tunaita mapanki, Kenya wanaita mgongo wazi. Hayo huuzwa kwa bei ya chini, yakaangwe, yaliwe na familia ambazo minofu haziioni. Mtu angedhani soko la Ulaya likifungwa, hawa ndio watakaofaidi, kwani samaki wote wamebaki nyumbani. Kwa siku chache ni kweli, samaki mzima anakuwa rahisi. Lakini mama huyu hana mtaji wa kununua sangara wa kilo 20. Biashara yake ni mabaki, na mabaki hutoka kiwandani. Kiwanda kikizima mashine, mapanki hayapo, na karai lake la mafuta halina cha kukaanga.

Fedha za kigeni na mbuzi wa Berbera

Hadi hapa hatujagusa kile ambacho wachumi hukitaja kwanza, fedha za kigeni. Nimekichelewesha makusudi, kwa sababu kwa nchi yenye bidhaa nyingi za kuuza zuio la chakula kimoja halitikisi shilingi. Kenya ya 1999 ilikuwa na chai, maua na watalii. Kisumu iliumia vibaya, lakini Nairobi haikukosa dola za mafuta kwa sababu ya sangara. Uganda ilikuwa na kinga ndogo zaidi. Huko samaki walikuwa wanapanda haraka, na miaka ya mwanzo ya 2000 walishika nafasi ya pili baada ya kahawa katika mauzo ya nje.

Kuona zuio linavyomla mtu mpaka mfupani, inabidi kwenda Somalia. Mvua zilezile za El Niño za 1997 zilizoleta kipindupindu ziliacha madimbwi kaskazini-mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, mbu wakazaliana, na Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu pia, ikalipuka. Februari 1998 Saudi Arabia ikafunga mlango kwa mifugo ya Kisomali. Ulifunguliwa 1999, kisha Septemba 2000 ugonjwa huo ukaonekana Saudi Arabia na Yemen kwenyewe, mara ya kwanza nje ya Afrika, na nchi za Ghuba zikafunga tena. Nyingine zililegeza mapema. Saudi Arabia, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ilikaa hivyo mpaka 2009.

Kabla ya hapo, kwa mwaka 1997 pekee, karibu mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia milioni 3 walipakiwa bandari ya Berbera, Somaliland, eneo la kaskazini mwa Somalia linalojitawala, wengi wao kwa ajili ya msimu wa Hija. Mbuzi hao ndio walioleta dola, na dola hizo ndizo zilizonunua mchele, sukari na unga uliorudi kwa meli. Kwa hiyo mlango wa Jeddah, bandari ya Saudi Arabia, ulipofungwa, bei ya mchele Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, ilipanda, ingawa hakuna aliyezuia mchele. Fedha ya Somaliland ilishuka thamani kwa sababu dola zilipungua. Serikali ya huko, iliyokuwa ikitegemea ushuru wa bandari, ikakosa mapato palepale wananchi walipoihitaji. Mfugaji aliyekuwa akimtoa mbuzi mmoja apate chakula cha wiki kadhaa, sasa alihitaji zaidi ya mmoja. Na mbuzi asiyeuzwa hakai bure kama gunia. Anakula majani na kunywa maji, na kwenye nchi kavu ile maji ya kiangazi mara nyingi hununuliwa.

Biashara haikufa kabisa. Mifugo ilipita Djibouti na Yemen, ikauzwa huko kwa bei ya chini. Baadaye vilijengwa vituo vya karantini, na waliopewa kibali cha kuviendesha na kununua walikuwa wachache. Hii ni alama ya mazuio marefu. Yanapoondoka hayarudishi soko kama lilivyokuwa. Wafanyabiashara wadogo waliofilisika hawarudi, na mlango unafunguliwa ukiwa mwembamba, mwenye funguo akiwa mmoja au wawili.

Hadithi hii ina mwenzake upande wa pili wa bahari. Agosti 2003 meli ya Cormo Express ilifika Saudi Arabia ikiwa na kondoo zaidi ya 57,000 kutoka Fremantle, Australia. Walikataliwa kwa madai kwamba wengi mno wana ugonjwa wa vidonda vya mdomo. Meli ikazunguka baharini kwa miezi miwili hivi, kondoo wakifa humo kwa maelfu, nchi moja baada ya nyingine ikikataa kuwapokea, mpaka Oktoba walipopelekwa Eritrea kama msaada. Ilikuwa aibu na ukatili. Lakini angalia nani alilipa. Serikali ya Australia iliwanunua kondoo wale na kugharamia chakula chao. Mfugaji wa Australia alikuwa na serikali nyuma yake iliyoweza kuibeba hasara. Mfugaji wa Kisomali alikataliwa na mnunuzi yuleyule, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Ukiniuliza kwa nini zuio la namna moja linaiacha nchi moja na mkwaruzo na nyingine na njaa, nitakuonyesha tofauti hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Kwa nini Kenya ilisubiri zaidi

Turudi ziwani, maana kuna jambo nililipita. Sumu ya 1999 ilionekana Uganda. Samaki hana pasipoti, anaogelea kutoka maji ya Uganda hadi ya Kenya bila kuuliza. Basi ungetegemea Uganda ndiyo ichelewe kufunguliwa. Ikawa kinyume. Uganda ilirudi sokoni kabla ya mwaka kuisha, na Kenya ilisubiri mpaka mwishoni mwa 2000. Ziwa moja, samaki mmoja, na miezi mingi ya tofauti.

Tofauti ilikuwa kwenye karatasi. Wakaguzi kutoka Ulaya waliokuja hawakuja kumtazama sangara tu. Walikuja kuuliza maswali ya kiofisi. Ni ofisi gani moja inayowajibika kwa usalama wa samaki kuanzia mwaloni mpaka uwanja wa ndege? Ni nani anatia saini cheti, na saini yake inategemea kipimo cha maabara gani? Mwaloni kuna sakafu, paa na maji safi, au samaki wanatupwa mchangani? Kundi moja likigundulika lina tatizo, mnaweza kulifuata nyuma hadi mtumbwi uliolileta? Nchi iliyoweza kujibu ilifunguliwa. Iliyokuwa na idara mbili au tatu zinazogombania mhuri iliambiwa isubiri. Tanzania nayo ililazimika kujijenga, na maabara ya samaki ya Nyegezi, Mwanza, ni sehemu ya mfumo uliokuzwa kujibu maswali ya namna hiyo.

Sheria ya biashara ya dunia inaruhusu haya yote. Mkataba wa afya ya chakula, wanyama na mimea, uliopo chini ya Shirika la Biashara Duniani tangu 1995, unataka zuio liwe na msingi wa kisayansi. Lakini unaruhusu pia zuio la muda pale ushahidi unapokuwa hautoshi, huku uchunguzi ukiendelea. Kwa karatasi ni busara. Kwa vitendo, "muda" huo anauhesabu mnunuzi, na gharama ya kila siku inayopita anailipa muuzaji. Kesi ya kupinga inaweza kuchukua miaka, na samaki, kama tulivyoona, ana saa.

Mahindi ya Machi 2021

Haya si mambo ya Wazungu na Waafrika tu. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya iliandika barua kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka. Malori yakakwama mpakani Namanga, mengine yakiwa yamepakiwa siku hiyohiyo.

Sumukuvu haikuwa kisingizio cha kubuni. Kenya inaijua. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Tanzania nayo ilizika watu mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, yaani katika gunia la kilo 100, sumu yote isizidi miligramu 1. Ni kidogo mno kuonekana kwa jicho. Tena haikai sawasawa. Kuvu huota kwenye kikundi cha punje zilizolowa, pembeni ya gunia moja, na magunia yaliyobaki yakawa salama. Ukichota sampuli hapa unapata mahindi mazuri, ukichota pale unapata sumu. Kwa hiyo lori lilelile linaweza kupewa cheti upande mmoja wa mpaka na kukataliwa upande wa pili, na wapimaji wote wawili wakawa wamesema kweli. Mtu asiyejua hili huishia kuamini kwamba kila aliyekataa mahindi ni adui, au kila aliyetoa cheti ni mla rushwa.

Nisichokubaliana nacho ni barua ya ghafla. Mahindi ni bidhaa yenye bei mbili pale tu mpaka unapofungwa. Upande wa muuzaji bei inashuka, upande wa mnunuzi inapanda, na pengo kati yake ni mshahara wa magendo. Gunia linapita njia ya panya kwa pikipiki usiku, na gunia hilo halijapimwa na yeyote. Zuio la sumukuvu likiendelea bila mpango, mlaji wa Nairobi anakula mahindi yaleyale, kwa bei kubwa zaidi, bila kipimo. Siku chache tu baadaye, tarehe 10 Machi, Kenya ililegeza na kuweka masharti: waagizaji wajisajili, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haijavuka kiwango. Masharti hayo yangeweza kutangulia, wakulima wapewe miezi ya kununua maturubai ya kuanikia na vipimo vya unyevu, na malori yasiwekwe juani.

Zipo pia nyakati ambapo afya haitajwi kabisa, au inatajwa kwa mbali. Aprili 2025 Tanzania, kupitia Waziri wa Kilimo Hussein Bashe, ilizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini. Malawi ilikuwa imezuia bidhaa kadhaa, zikiwemo mchele, tangawizi na ndizi, na Afrika Kusini kwa miaka ilikuwa haipokei ndizi za Tanzania. Mazungumzo yakafanyika na katazo likaondolewa baada ya siku chache. Kulipiza kisasi kulifungua milango haraka safari hii, labda kwa sababu mizigo ya Malawi inapita bandari ya Dar es Salaam. Nchi isiyo na bandari wala soko la kutishia nalo haiwezi kutumia njia hiyo.

Zuio lisiloitwa zuio

Mlango unaweza pia kubaki wazi na bado watu wakazuiwa. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa mishiri, yaani maharagwe mabichi ya maganda, na njegere changa za Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa za shambani, shehena 1 katika kila 10 ikawa inafunguliwa na kupimwa. Hakuna aliyetangaza marufuku. Lakini kila kipimo kina gharama, na kila saa ya kusubiri uwanjani inazeesha mboga. Kampuni za kuuza nje zikafanya hesabu. Ni rahisi kusimamia dawa kwenye shamba moja kubwa kuliko kwenye robo ekari za wakulima mia. Mkulima mdogo anayekatwa kwenye orodha hapati barua kutoka Brussels wala Nairobi. Anasikia tu kwamba gari la kuchukua mboga limebadilisha njia.

Kwa uaminifu lazima niseme kwamba mazuio ya sangara yaliacha pia kitu kizuri. Mialo iliyopata sakafu na maji, barafu inayotoka na mtumbwi badala ya kungoja ufukweni, maabara, wakaguzi waliosomea kazi, vyote hivyo vilisukumwa na hofu ya kufungiwa tena. Samaki anayeliwa leo kwetu ni salama zaidi kwa sababu hiyo. Ila gharama hazikugawanywa sawa. Kiwanda chenye mtaji kilijenga upya na kikaendelea, chenye mtaji mdogo kilifunga. Mvuvi alilipia sehemu yake kwenye bei ya kilo, bila risiti.

Siku hizi mwaloni kuna kitu kidogo kinachotazamwa kuliko minofu. Ni bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara. Zamani kilitupwa pamoja na matumbo. Sasa kinatolewa kwa uangalifu kwa kisu kifupi, kinaoshwa, kinaanikwa kwenye kamba, na kwa uzito kina thamani kuliko nyama iliyokizunguka. Wapo wanaokata bei ya samaki mzima kwa kumkadiria bondo lake. Mabondo mengi yanakwenda China na Hong Kong. Nyavu zinakopeshwa kwa matarajio ya mabondo, ada za shule zinapangwa juu yake, na bei yake husomwa kwenye simu ya wakala kila asubuhi, kabla mitumbwi haijagusa mchanga.